Mianzi Miwili na Vijiko Vinane: Kutoka Ikonge Hadi Ziwani

Wenzangu wa kiwanda cha chai, mmeniuliza mara tatu safari ilikuwaje, na mara zote nimejibu "ilikuwa sawa tu" nikaendelea kutia upepo kwenye baiskeli zenu. Si maringo. Nikisimama mbele ya watu wengi maneno huniponyoka. Kwa kalamu ni afadhali kidogo, ijapokuwa nilisoma mpaka darasa la nne tu. Nimeandika kwa kufuata daftari langu la kila siku, na pale ambapo daftari limenyamaza nitasema kwamba nakisia.

Kwanza sababu ya safari, maana wengine mlidhani nimekwenda kutembea.

Dada yangu Kwamboka ameolewa na Okoth, mvuvi wa upande wa Kendu. Mwaka uliopita mkono wa kushoto wa Okoth ulibanwa kati ya boti na mwamba, na vidole vitatu vikakauka. Nyavu za kule huvutwa na wanaume wanne wenye mikono mizima. Boti yenyewe si yake, ni ya baba yake mdogo, Mzee Ogada. Mzee alivumilia miezi mingi, boti imelala mchangani. Mwishowe akasema kwamba Jumamosi fulani mpwa wake atakuja kuichukua, ila kama yeye mzee ataiona kwa macho yake inavua kabla ya hapo. Watu wa kwetu walimwita mtu mbaya. Mimi sikubali. Boti ikikaa juani mbao hupasuka, na mpwa naye ana watoto.

Lakini boti ikiondoka, Kwamboka angerudi kwetu na watoto wanne, na shamba la baba tumeshaligawa ndugu watano hata ng'ombe hana pa kugeukia.

Sasa, Okoth alikuwa amemwona Mhindi mmoja akivua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, karibu na ukingo bila wavu. Anakwenda na boti polepole, na nyuma yake anakokota uzi mrefu wenye kijiko kinachong'aa na ndoana mkiani. Mbuta anadhani ni samaki mdogo, anakimeza. Kazi hiyo inataka mtu mmoja wa kupiga kafi na mmoja wa kushika uzi. Kwamboka alikuwa ameshajifunza kafi. Okoth akaniandikia barua: nitengeneze vijiko vinane, nipitie Kisii kuchukua uzi wa nailoni na ndoana, na nilete mianzi miwili mirefu ya kwetu, ya kutokeza huku na huku kwenye boti ili nyuzi mbili zisishikane.

Vijiko nilivitengeneza kwa moyo wote. Nilichukua vile vikubwa vya kupakulia, nikakata vipini, nikatoboa tundu kila upande. Kisha nikaviangalia nikaona vimebonyea. Mnaijua kazi yangu: rimu ikipinda nainyoosha, spoku ikipinda nainyoosha. Nikaweka kila kimoja juu ya kipande cha reli nikakigonga mpaka kikalala kama rula. Nikavisugua kwa jivu mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Hakuna aliyeniambia nivinyooshe. Nilifikiri nampelekea shemeji kitu bora kuliko alichoomba.

Ikonge mpaka Nyamira

Niliondoka Jumanne asubuhi na mapema. Mke wangu alikuwa ameifunga ile mianzi pamoja kwa leso mbili, moja mbele na moja nyuma, isinigonge kichwa. Mzigo wa vijiko ulikuwa mgongoni.

Sikuwa nimefika mbali nikaona wachumaji wa chai wanasimama wima katikati ya mistari. Mwanamume mmoja akavua kofia. Nikageuka kutazama nani anakuja nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Mbele kidogo bibi mmoja aliyebeba kuni akaziweka chini, akanishika mkono.

"Pole sana, mwanangu. Ni nani amelala?"

"Hakuna aliyelala, mama."

"Basi ni mgonjwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mianzi miwili na nguo: walidhani nakwenda kuchukua mtu kwa machela. Nikamwambia ni ya kuvulia samaki.

Akanitazama kuanzia viatu. "Samaki gani huyo wa kubebwa hivyo?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona mbuta. Nilifungua zile leso nikazitia mfukoni, na baada ya hapo mianzi ilinigonga kichwa mpaka Nyamira.

Nyamira mpaka Kisii

Nilipata lori la ndizi. Dereva alikuwa mtu mchangamfu aliyependa kuzungumza huku ananitazama mimi badala ya barabara. Mianzi tuliilaza juu ya ndizi, ikatokeza mbele kupita paa la dereva.

Mvua ilinyesha, tope likatushika mara mbili, na ndizi zikashushwa na kupakiwa tena mara mbili. Mara ya pili tulipoanza kwenda, kwenye kona karibu na nyumba fulani, niliona kitu cha kijani kinapepea mbele yetu kama bendera. Mwanzi mmoja ulikuwa umeingia kwenye kamba ya nguo ukaondoka na sweta.

"Wacha," alisema dereva. "Mwenyewe atafikiri ni upepo."

Nilimwomba asimame. Hakupenda, lakini alisimama, nami niliirudisha ile sweta kwa miguu. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyekuwa tayari barabarani na fimbo. Alinitukana kutoka wakati nilipotokea mpaka nilipomfikia, na baada ya kuipokea akaendelea. Alikuwa na haki. Ilikuwa na matope mpaka kwenye kola. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akanipa kipande cha ugali na mboga za chinsaga, nikala nimesimama huku bado ananitukana.

Dereva alikuwa amelala juu ya usukani. Tuliingia Kisii maduka yamefungwa.

Kisii mjini

Jumatano nilichukua uzi na ndoana bila taabu. Taabu ilikuwa basi la Oyugis. Kondakta aliitazama mianzi yangu akasema haipandi.

"Iko juu ya paa, si ndani," nilimwambia.

"Juu ya paa kuna magodoro. Hii yako itachoma magodoro ya watu."

Nilimweleza habari ya dada yangu yote, mpaka na vidole vya Okoth. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Pole, mzee. Haipandi." Jambo jingine pekee nililowaambia baadhi yenu niliporudi ni kwamba kondakta yule alikuwa mkorofi. Naomba kulirudisha neno hilo. Magodoro yalikuwepo, niliyaona.

Na kumbe hata angenichukua nisingefika. Habari zilikuja mchana kwamba mvua imekata daraja dogo mbele, na mabasi yote yamerudi. Nilikaa hotelini na chai na mandazi, nimelaza mianzi chini ya meza tatu, kila anayepita anairuka. Mwanamume mmoja aliona ndoana zangu akauliza nakwenda kuvua wapi.

"Ziwani."

"Mkisii?" Akamgeukia mwenzake. "Huyu akianguka majini atatafuta mgomba wa kushika."

Walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu kuogelea sijui. Lakini ni huyo huyo aliyeniambia kuna lori la mfanyabiashara linalokwenda Marani, na kwamba kutoka Marani mtu anaweza kushuka kwa miguu mpaka barabara ya Oyugis, mbele ya daraja lililokatika. Alinipeleka mwenyewe kwa dereva. Nilifika Marani jua limeshuka, nikalala kwa mwumini mmoja wa kanisa letu.

Marani

Alhamisi nilipanga kuanza kushuka kabla ya jua kuwaka. Sijui kama niwaambie yaliyonizuia kama yalivyokuwa au kwa namna inayonipendeza. Nitasema kama yalivyokuwa.

Nilikuwa nimeshaweka mianzi begani mama mmoja alipokuja mbio. Jina lake Bosibori. Mume wake, Mzee Nyangau, alikuwa na mguu uliovimba mpaka gotini na homa ya siku mbili, na gari halikuweza kufika kwao kwa tope. Alikuwa na wanaume watatu tayari na blanketi. Hawakuwa na miti.

"Tumesikia kuna mtu ana machela," alisema.

Nilikawia kujibu. Nilikuwa nahesabu siku: leo Alhamisi, kesho Ijumaa, na jua la kesho likitua Sabato imeingia nami sisafiri tena. Nikimbeba mzee huyu nitapoteza siku nzima. Nikamtazama yule mama na nikaendelea kuhesabu. Mwenyeji wangu alikuwa amesimama mlangoni akaona. Kisha nilisema twende, lakini nataka mjue kwamba nilikawia.

Tulimlaza mzee kwenye blanketi lililofungwa kwenye mianzi yangu, watu wanne, kila mmoja na kona yake. Mwendo ulikuwa kupanda na kushuka, utelezi, mpaka kwenye zahanati ya wamisheni. Mzee Nyangau alikuwa na homa lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Huyu wa nyuma kulia ni nani? Anatembea kama ng'ombe aliyekanyaga mwiba."

"Ni mgeni," mkewe alisema. "Ndiye mwenye miti. Ni ya kuvulia samaki."

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi. "Basi imeshashika wa kwanza. Mwambieni asinitie chumvi."

Tulicheka mpaka ikabidi tumweke chini. Nilipocheka ndipo nilipoacha kuhesabu siku.

Mganga wa zahanati alimpokea, akasema mmefanya vizuri kuja leo. Tulirudi mchana umekwisha. Bosibori alinipikia matoke na maziwa ya mgando na hakunikubalia kuondoka, na wale wanaume watatu wakasema kesho watanishusha wao wenyewe mpaka barabarani, wakibeba mianzi kwa zamu. Sikuwaomba.

Kushuka mpaka ziwani

Walitimiza. Ijumaa asubuhi tuliteremka haraka kiasi kwamba vijiko mgongoni vililia kama kengele za mbuzi. Barabarani tulipata trekta lenye tela la mawe mpaka Oyugis, na kutoka hapo lori jingine mpaka Kendu. Joto la kule sikulizoea. Kwetu mtu akitoa jasho ameshika jembe. Kule unatoa jasho umekaa.

Kutoka Kendu nilitembea na ukingo. Watu wa kule hawakuvua kofia. Walitazama mianzi wakaniita Mkisii kwa lugha yao, wakasema tu, "Jakisii, unampelekea Okoth?" Habari zangu zilikuwa zimenitangulia.

Nilifika jua likiwa limebaki upana wa mkono juu ya maji. Kwamboka alikuja akikimbia, akanipokea mzigo, akautikisa asikie vijiko ndani. Amekonda. Okoth alinisalimia kwa mkono mzima, ule mwingine ameuficha nyuma.

"Shemeji, tulifikiri hutakuja."

"Hata mimi."

Wakati uliobaki ulitosha kufunga ndoana na kuingiza mianzi kwenye matundu ambayo Okoth alikuwa ameyatoboa ubavuni mwa boti. Jua lilipotua niliweka vyombo vyangu chini. Kwamboka siku hizi husali na mumewe Jumapili, lakini tumelelewa nyumba moja na hakuniuliza kwa nini nimeacha.

Jumamosi

Asubuhi nilikuwa nimepanga kukaa chini ya kivuli na Biblia yangu. Nilijaribu. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne. Kisha niliona boti inaingia majini, Kwamboka ameshika kafi, Okoth amekaa nyuma na nyuzi zote mbili, na watu wa ufuoni wamesimama wanaguna kwa sababu ya mwanamke ndani ya boti. Mzee Ogada alikuwa peke yake pembeni, mrefu, mikono mgongoni.

Nilijiambia kwamba kutembea si kazi. Boti ilikuwa inakwenda sambamba na ukingo, karibu kiasi cha kusikilizana, nami nikatembea nayo. Mzee Ogada akatembea pia.

"Wewe ndiye fundi?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mzee."

"Samaki wetu wanakula kwa mikono. Vijiko hawavijui."

Tulitembea mpaka kwenye miamba na kurudi, mara mbili. Hakuna kitu. Jua likapanda. Mara ya tatu Okoth aliinua mkono na Kwamboka akaacha kafi.

"Shemeji," Okoth aliita, "uzi hautikisiki. Ule wa Mhindi ulikuwa unatetemeka mkononi kama una roho. Huu umelala kama kamba ya mbuzi."

Alivuta kijiko karibu nikakiona. Kilikuwa kinapita majini kimenyooka kabisa, kimya, kama msumari. Samaki hakuna anayekwenda hivyo, na rimu yoyote iliyonyooka huenda hivyo.

"Ndugu yangu," Kwamboka alisema, "hivi vijiko ulivifanya nini?"

"Nilivinyoosha."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa vimepinda."

Mzee Ogada alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Wale wawili hawakucheka. Walinitazama kutoka kwenye maji, na nilijua wanachokiona: Jumamosi imefika, na mpwa yuko njiani.

Koleo langu lilikuwa bado mfukoni tangu jana. Kwamboka aliisogeza boti mpaka ikagusa mchanga. Alijua koleo liko wapi, na alijua kwangu ni Sabato. Hakunisukuma.

"Basi tuambie tu," alisema. "Mikono ni yetu."

Nilitoa koleo nikaliweka juu ya jiwe. Sikumpa, niliweka, yeye akachukua. Najua mtu anaweza kuuliza tofauti iko wapi, na mimi nimejiuliza. Kisha nilishika mikono yangu nyuma na kusema. Pinda kichwa kidogo kuja juu. Sasa mkia, kwenda chini. Si hivyo, umezidisha. Okoth alishika kijiko kwa mkono wake mzima juu ya ukingo wa boti, na vidole vibovu vikakizuia kisiteleze. Kwamboka alipinda. Cha kwanza kilikuwa kibaya sana, na vidole vyangu vilifanya kazi yote nyuma ya mgongo wangu bila kugusa kitu. Cha pili kilikuwa afadhali. Cha tatu, walipokivuta majini, kiliyumba huku na huku na kumetameta, na Okoth akasema kwa sauti ndogo, "Huyo."

Walisukuma boti. Mimi na mzee tukatembea tena, sasa bila maneno.

Karibu na miamba mwanzi wa upande wa ziwa uliinama mpaka ncha ikaingia majini. Okoth alizungusha uzi kwenye kiwiko cha mkono mbovu na kuvuta kwa ule mzima. Kwamboka aliigeuza boti kumfuata samaki, akaegemea kafi kwa mwili wote, na nilisikia Mzee Ogada karibu yangu anasema kwa Kijaluo maneno ambayo nakisia yalikuwa "kushoto, kushoto." Ilichukua muda mrefu. Samaki alipoinuliwa alikuwa na urefu wa kutoka kiunoni kwangu mpaka ardhini, fedha tupu, macho yanawaka. Kabla hawajafika ufuoni walishika mwingine, mdogo wake.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mzee wa kanisa habari yote ya koleo na jiwe. Akaniuliza kama samaki yule alikuwa na magamba, maana kanisani kwetu asiye na magamba haliwi. Nikasema anayo. Hakuuliza lingine.

Jumamosi ile mpwa alifika saa sita mchana kwa miguu, kafi lake begani. Kijana mpole, amevaa shati safi kwa ajili ya safari. Aliwakuta wale samaki wawili wamelazwa kwenye majani na watu wamewazunguka. Mzee Ogada alimsalimia, akamwuliza habari za mama yake, akamwambia aingie kivulini ale kwanza.

"Na boti, mjomba?"

"Boti ina watu wake wawili," mzee alisema.

Alisema "wawili" kwa sauti, watu wote wa ufuoni wakasikia. Kisha akatwaa kamba ya boti, ambayo siku zote hufungwa kwenye mti wa boma lake, akaenda nayo polepole mpaka kwenye mti ulio mbele ya nyumba ya Okoth, akaifunga hapo.

Kwamboka alikuwa ndani ya boti anatoa maji kwa kopo. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, hata baada ya maji kwisha, na mimi nilikaa kwenye mchanga pale pale nilipokuwa nimesimama.